Joto, Kazi na Hesabu ya Hewa

Hewa hudharauliwa kwa sababu haionekani. Haipimwi sokoni, hairithiwi, wala haihesabiwi katika mali ya mtu. Walakini katika hewa hiyo mna jambo lililowasumbua wenye elimu kwa muda wa nusu karne. Mtu ajazaye upepo katika gurudumu la baiskeli huona kuwa bomba la pampu linapata moto upande wa chini. Hapana mkaa uliowashwa hapo, wala jua lililoelekezwa. Kilichotumika ni nguvu ya mkono tu. Upepo huohuo ukifunguliwa ghafula, hutoka kwa kishindo nao umepoa. Basi joto lile lilitoka wapi, na baridi hii imeletwa na nini?

Jibu la swali hili lilitafutwa katika Ulaya toka mwisho wa karne ya 18 hata katikati ya karne ya 19. Lilipopatikana, lilikuwa moja ya kanuni kubwa za elimu ya maumbile: kwamba joto na kazi ni mali moja yenye sura mbili, na kwamba mali hiyo hubadilika lakini haipotei. Historia ya kanuni hiyo ni historia ya ushindi, lakini ndani yake mna dhuluma pia. Mmoja wa watu waliotangulia kuiona alipuuzwa na kudhihakiwa, akatiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili, kabla ulimwengu haujamwitikia.

Zamani hizo wataalamu wengi waliamini ya kuwa joto ni kiowevu chepesi kisicho na uzito, kipenyacho ndani ya vitu kama maji yapenyavyo ndani ya sifongo. Mfaransa Antoine Lavoisier, mkuu wa wanakemia wa wakati wake, alikiingiza kiowevu hicho kwa jina la kaloriki katika orodha ya elementi aliyoichapisha mwaka 1789. Rai hiyo haikuwa ya kijinga. Kitu cha moto kikiwekwa karibu na cha baridi, ilisemwa kuwa kaloriki hutiririka toka huku kwenda kule mpaka vikalingana. Hewa ikibanwa, ilisemwa kuwa kaloriki iliyokuwamo hukamuliwa kama maji ya sifongo, ikahisiwa kwa nje. Msingi wa mafundisho yote hayo ulikuwa mmoja: kaloriki haiumbwi wala haiharibiki. Iliyopo leo ndiyo iliyokuwapo jana.

Aliyeutikisa msingi huo kwa nguvu alikuwa Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts katika Marekani, aliyepata cheo cha Count Rumford alipokuwa akitumikia serikali ya Bavaria. Katika karakana ya silaha mjini Munich aliona kuwa mizinga ilipotobolewa kwa keekee ilipata moto mkali. Akatwaa keekee butu, akauzungusha msuguano wake kwa nguvu za farasi, na chuma kilichosuguliwa akakizamisha ndani ya sanduku la maji baridi. Baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka, wala hapakuwa na moto. Habari hizo zilisomwa mbele ya Royal Society ya London mwaka 1798. Hoja ya Rumford ilikuwa nyepesi kueleweka: farasi wakiendelea kuzunguka, joto huendelea kutoka bila kikomo, na kitu kitokacho bila kikomo hakiwezi kuwa kiowevu kilichowekwa akiba ndani ya chuma. Alisema joto ni mwendo.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikosa bei. Rumford alionyesha kuwa kazi hununua joto, asiseme kwa uthabiti kazi kiasi gani hununua joto kiasi gani. Biashara isiyo na bei haijawa biashara, na kaloriki ikaendelea kutawala. Hata kijana Mfaransa Sadi Carnot, alipotoa mwaka 1824 kitabu chake juu ya nguvu ya injini za mvuke, alilifananisha joto na maji yaendeshayo kinu: huanguka toka juu hadi chini, hufanya kazi, nayo hufika chini bila kupungua. Baadaye Carnot aligeuza mawazo. Aliandika katika karatasi zake kwamba joto ni mwendo na kwamba hutumika kazi inapotendeka, akakadiria hata bei yake. Lakini kipindupindu kilimwua mwaka 1832, naye ana umri wa miaka 36, na karatasi hizo hazikuchapishwa ila mwaka 1878.

Bei iliyotafutwa ilikuwa imefichwa ndani ya hewa, mahali ambapo wataalamu wengi waliitazama wasiitambue. Hapa hapana budi kutofautisha maneno mawili. Halijoto ni kile kipimajoto kisomacho, kwa digrii. Joto ni kile kiingiacho au kitokacho katika kitu mpaka halijoto yake ikabadilika. Ilijulikana mapema katika karne ya 19 kuwa hewa ina tabia ya ajabu katika jambo hili. Hewa iliyofungwa katika chombo kigumu, isiyoweza kutanuka, huhitaji kiasi fulani cha joto ili ipande digrii 1. Hewa ileile, ikiwa chini ya kifuniko kiwezacho kupanda, huhitaji joto zaidi ili ifike halijoto ileile. Mfaransa Pierre Dulong, kwa kuchunguza sauti katika mabomba yenye gesi, alipata mwaka 1829 kuwa joto la namna ya pili limezidi lile la kwanza kwa kadiri ya 1.421 kwa 1.

Ziada hiyo ilikwenda wapi? Wafuasi wa kaloriki walijibu kwamba nyumba ikipanuka huchukua wageni wengi zaidi. Yaani hewa iliyotanuka ina nafasi ya kuweka kaloriki zaidi. Jibu hilo lingeweza kujaribiwa. Kama hewa hudai joto kwa sababu ya kutanuka tu, basi hewa ikitanuliwa bila kusukuma kitu chochote itadai joto vilevile. Joseph Louis Gay-Lussac alifanya jaribio la namna hiyo na kulichapisha mwaka 1807. Alitwaa vyombo viwili vya lita 12 kila kimoja, akaviunganisha kwa mfereji wenye bilula. Kimoja alikijaza hewa, kingine alikiondoa hewa yote iliyowezekana. Bilula ilipofunguliwa, hewa ilikimbilia kwenye utupu. Kipimajoto cha chombo cha kwanza kikashuka, na cha chombo cha pili kikapanda karibu kwa kiasi kilekile. Ukivijumlisha vyote viwili, hapakuwa na faida wala hasara. Hewa ilikuwa imetanuka, na kutanuka kwenyewe hakukudai joto. Ushahidi huo ulikaa katika vitabu miaka zaidi ya 30, hata akatokea mtu aliyejua thamani yake.

Mtu huyo hakuwa mwalimu wa fizikia. Julius Robert Mayer alizaliwa mwaka 1814 katika mji wa Heilbronn, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa mwuza dawa. Alisomea utabibu katika Tübingen, na mwaka 1840 akaajiriwa kuwa daktari katika merikebu ya Waholanzi iliyokuwa ikienda Batavia na Surabaya, katika visiwa viitwavyo leo Indonesia. Desturi ya matabibu wa siku zile ilikuwa kumpasua mgonjwa mshipa na kumtoa damu. Huko Surabaya Mayer alipowatoa mabaharia damu ya mishipa irudishayo damu moyoni, aliiona nyekundu mno hata akachelea kuwa amekosea mshipa. Damu hiyo katika nchi za baridi huwa nyeusinyeusi. Akawaza: mwili hujipatia joto kwa kuunguza chakula kwa hewa ivutwayo, katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuunguza sana, kwa hiyo damu hurudi ikiwa haijatumika sana, nayo hubaki nyekundu. Wazo hili lilizaa jingine. Mwili hautoi joto tu. Hufanya kazi pia, huvuta kamba na kuinua mizigo, na kazi hiyo kwa msuguano huweza kugeuka joto nje ya mwili. Ikiwa chakula ndicho kilipacho gharama zote mbili, basi joto na kazi hapana budi viwe na kipimo kimoja cha kubadilishana.

Mayer alirudi kwao mwaka 1841 akiwa na wazo hilo peke yake, hana maabara wala cheo. Makala yake ya kwanza aliipeleka kwa Johann Poggendorff, mhariri wa jarida kubwa la fizikia la Ujerumani. Haikuchapishwa, wala hakujibiwa. Ni kweli kwamba ilikuwa na makosa ya fizikia. Akajifunza zaidi, akaandika tena, na mwaka 1842 jarida la kemia la Justus Liebig likampokea. Mwaka 1845 alieleza hesabu yake kwa ukamilifu katika kijitabu alichokigharimia mwenyewe.

Hesabu hiyo, ikiwekwa kwa vipimo vikubwa ili ionekane vizuri, ni hii. Mtu achukue sanduku la meta 1 kila upande, limejaa hewa ya digrii 0, na kifuniko chake kinaweza kupanda. Juu ya kifuniko umelala uzito wa angahewa, sawa na uzito wa zebaki yenye kina cha sentimita 76, yaani kilo 10,330 hivi. Hewa iliyomo ina uzito wa kilo 1.3. Kipimo cha joto kiwe kalori kubwa, nayo ni joto litoshalo kupasha kilo 1 ya maji digrii 1. Kwa takwimu alizokuwa nazo Mayer, hewa hiyo ikipashwa digrii 1 huku kifuniko kikiachwa kupanda, huhitaji kalori 0.347. Kifuniko kikizuiwa, 0.244 hutosha. Tofauti ni 0.103. Na kifuniko kilichoachwa kimepanda sehemu 1 katika 274 za meta: zile kilo 10,330 zimeinuliwa kwa milimita 3.65, kazi iliyo sawa na kuinua kilo 37.7 kwa meta 1. Basi kalori 0.103 ndizo zilizolipa kazi hiyo. Mtu akigawanya, ataona kuwa joto la kupasha kilo 1 ya maji digrii 1 ni sawa na kazi ya kuinua kilo 1 mpaka urefu wa meta 366. Mayer aliandika 365 mwaka 1842, na 367 mwaka 1845.

Kipimo kijulikanacho leo ni meta 427. Kosa la Mayer laonekana kubwa, na wako waliolitumia kumdunisha. Lakini kosa halikuwa katika njia yake. Takwimu za joto la hewa alizozipata katika vitabu ndizo zilizokuwa na kasoro. Tofauti ya kweli si 0.103 bali ni 0.0886 hivi, nambari hiyo ikiwekwa mahali pake katika hesabu ileile, jibu huwa karibu na meta 427. Kipofu aliyepewa fimbo iliyopinda, akafika karibu na mlango, hakukosea njia.

Wakati uleule, pasipo kujua habari za Mayer, mtu mwingine alikuwa akiisaka bei ileile kwa mikono yake. James Prescott Joule alizaliwa mwaka 1818 katika Salford, karibu na Manchester, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Naye pia hakuwa profesa. Alichokuwa nacho ni fedha za kutengenezea vyombo, vipimajoto bora, na subira isiyochoka. Mwaka 1843 aliwaeleza wanachama wa British Association waliokutana Cork, katika Ayalandi, vipimo vyake vya joto lipatikanalo kwa mashine ya umeme izungushwayo kwa mizigo ishukayo. Hawakuvutiwa sana.

Kisha Joule akaigeukia hewa. Aliibana kwa pampu ndani ya chombo cha shaba kilichozamishwa majini, mpaka msukumo wake ukafika mara 22 ya ule wa angahewa, akapima joto lililoingia katika maji na kazi iliyofanywa na pampu. Halafu akavitwaa vyombo viwili, kimoja chenye hewa iliyobanwa na kingine kitupu, akaviweka pamoja ndani ya maji na kufungua bilula. Hewa ilitanuka maradufu, lakini halijoto ya maji haikubadilika kwa kadiri aliyoweza kuiona. Hewa ile haikuwa imesukuma kitu cha nje, kwa hiyo haikulipa kitu. Lakini alipoiacha itoke polepole kwa kusukuma angahewa, maji yalipoa, kwa kadiri ya kazi iliyotendeka. Royal Society haikukubali kuichapisha makala hiyo kwa ukamilifu. Ikatokea katika Philosophical Magazine mwaka 1845. Mwaka 1847 alizungumza Oxford, na kijana William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akatambua uzito wa maneno yake. Mwaka 1850 Joule alitoa kipimo chake mashuhuri kilichotokana na makafi yaliyovuruga maji: ratili 1 ya maji hupanda digrii 1 ya Fahrenheit kwa kazi ya kuinua ratili 772 kwa futi 1. Kwa vipimo vya Mayer hiyo ni meta 424 hivi, karibu kabisa na ukweli.

Sasa pakazuka ugomvi wa nani aliyetangulia. Mayer alidai haki yake mbele ya Académie ya Paris, na Joule akajibu kwamba wazo peke yake halitoshi pasipo ushahidi. Hoja iliyotumiwa sana dhidi ya Mayer ilihusu ile ziada ya joto. Alijuaje kwamba yote ililipa kazi ya kuinua kifuniko, na kwamba hapana sehemu iliyobaki ndani ya hewa kwa ajili ya kutenganisha chembe zake? Swali hilo lilikuwa la haki, nalo ndilo kiini cha mambo yote; kwani kama hewa ingekula sehemu ya joto kwa kutanuka kwake, hesabu nzima ingeharibika. Mwaka 1842 Mayer alitoa jibu bila kuonyesha njia, na kwa hilo alistahili kuulizwa. Lakini katika kijitabu cha 1845 alikwisha lielekeza jicho la msomaji kwenye jaribio la Gay-Lussac. Waliosema kwamba alibahatisha hawakumsoma, au walimsoma kwa nusu jicho.

Misiba ya nyumbani ikaandamana na ya elimu. Mwaka 1848 watoto wake wawili walikufa. Mwaka 1849 mwalimu mmoja wa chuo kikuu alimkebehi hadharani katika gazeti, na Mayer akakosa nafasi ya kujitetea ipasavyo. Mwezi wa Mei mwaka 1850 alijitupa dirishani. Akapona, lakini ameumia. Baadaye alitiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili, akatendewa kwa ukali, akatoka mwaka 1853. Habari za kifo chake zikaenea naye yu hai.

Mwaka uleule wa 1850, Rudolf Clausius aliiandika kanuni yenyewe kwa sura inayofundishwa mpaka sasa. Na kwa kejeli ya mambo, ilitokea katika jarida lilelile la Poggendorff lililokuwa limemnyamazia Mayer. Clausius alionyesha kuwa joto liingialo katika gesi hugawanyika mafungu mawili tu: moja huongeza nishati iliyomo ndani ya gesi yenyewe, na jingine hutoka nje kwa sura ya kazi. Hapana fungu la tatu. Na kwa gesi kamili, yaani ile ifuatayo kanuni za gesi bila kasoro, nishati ya ndani hutegemea halijoto tu. Ujazo wake uwe mkubwa au mdogo, si kitu.

Kwa maneno hayo machache hali zote za gesi hufunguka. Chombo kikiwa kigumu, kazi haipo, na joto lote hubaki ndani. Kifuniko kikiachwa kupanda chini ya msukumo ule ule, hewa huweka ndani mafungu 5 katika 7 ya joto ipewalo, na mafungu 2 huyatoa kwa kazi. Gesi ikitanuka polepole huku halijoto yake ikishikwa pale pale, nishati ya ndani haibadiliki, na joto lote liingialo hutoka kuwa kazi. Na ikiwa joto limezuiwa kuingia au kutoka, gesi itanukayo hulipa kazi kutoka katika akiba yake yenyewe, ikapoa. Nayo ibanwayo hupokea kazi na kuiweka akiba, ikapata moto. Hilo ndilo jibu la pampu ya baiskeli. Ndilo pia lililomwezesha Rudolf Diesel, kwa injini iliyofaulu mwaka 1897 mjini Augsburg, kuibana hewa mpaka mafuta yanyunyizwayo ndani yake yakawaka pasipo cheche.

Uaminifu wadai isemwe kuwa gesi kamili haipatikani duniani. Joule na Thomson, kwa majaribio waliyoyaanza mwaka 1852, waliisukuma gesi ipenye katika kizibo chenye vinyweleo, wakaona kuwa hewa hupoa kidogo sana. Chembe zake huvutana, na kuzitenganisha kuna gharama yake, ijapokuwa ni ndogo. Swali waliloulizwa wafuasi wa Mayer halikuwa la upuuzi basi. Ila jibu lake kwa hewa ya kawaida ni dogo hata haliwezi kuiharibu hesabu yake. Mwaka 1857 Clausius alieleza nishati ya ndani ni nini hasa: ni mwendo wa chembe zisizohesabika, na halijoto ni alama ya ukali wa mwendo huo. Maneno ya Rumford yalikuwa yamepata mwili.

Haki ilimfikia Mayer kwa kuchelewa. Mwaka 1862 John Tyndall, akihutubia katika Royal Institution mjini London, alitaja mambo makubwa yaliyovumbuliwa kuhusu joto na kazi, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba ni kazi ya daktari wa Heilbronn. Peter Guthrie Tait wa Edinburgh alipinga kwa ukali, akitetea heshima ya Joule, na magazeti ya elimu yakajaa mabishano. Royal Society, iliyokuwa imeikataa makala ya Joule, ilimpa nishani ya Copley mwaka 1870. Mwaka uliofuata ilimpa Mayer nishani iyo hiyo. Mayer alifariki mwaka 1878, mwaka zilipochapishwa karatasi za Carnot.

Hukumu iliyo sawa haimpokonyi yeyote. Gay-Lussac alitoa ushahidi asioweza kuutumia. Mayer aliona maana yake na kutaja bei ya kwanza iliyochapishwa. Joule aliithibitisha bei hiyo kwa vipimo ambavyo hapana awezaye kuvikana, na Clausius akaandika daftari zima. Lakini kati ya watu wanne hao mmoja alitozwa zaidi ya wengine. Kanuni aliyoiona yasema kwamba hapana kitu kipatikanacho bila malipo, wala malipo yapoteayo bure. Katika hewa kanuni hiyo haijapata kuvunjwa. Katika mambo ya wanadamu malipo ya Mayer yalikawia miaka 29, toka makala ya 1842 hata nishani ya 1871, na sehemu kubwa ya muda huo aliishi kama mtu aliyedai deni mbele ya wadeni wasiosoma hati yake.